Kamera Mkononi, Mahari Mashakani

Munezero aliishika ile kamera kwa muda mrefu mpaka mwenye duka akaanza kukohoa kikohozi cha makusudi.

Si kwamba hakujua anachokitaka. Tangu mvua za mwaka jana alikuwa akiitamani kamera ya fulfremu, ile inayoona hata gizani, kama mjamzito anavyotamani udongo. Sasa ilikuwa mikononi mwake, nyeusi, nzito, imechubuka kidogo pembeni kwa kuwa ilikuwa na mwenyewe mwingine kabla, na pesa zake zilikuwa kwenye kimfuko alichokivaa chini ya blauzi. Kilichobaki ni kutamka kwamba anainunua. Neno lenyewe likagoma kutoka.

"Nyabo," alisema Muzamiru, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, "hiyo kamera si mutoto. Wewe nabeba tu, haulipi?"

Muzamiru aliuza kamera za mitumba katika mtaa wa maduka hapo Mbarara, na Kiswahili chake alikiokota kwa wanajeshi wa kambini waliokuwa wateja wake. Alikuwa mcheshi, lakini leo ucheshi ulimwishia mapema. Msichana huyu alifika tangu asubuhi na bado hajatoa hata shilingi.

"Niambie tena," Munezero aliomba. "Lenzi zangu zitaingia?"

"Mimi nasema mara ngapi? Ile ya kuvuta, hapana. Kamera yako ya zamani iko na sensa kidogo, ile jicho ya ndani, hii iko na sensa kubwa. Ukiweka lenzi ya kidogo kwa kubwa, inaleta duara nyeusi pembeni, kama mutu nachungulia kwa tundu ya choo. Lakini hii lenzi yako ya hamsini, hii iko sawa kabisa. Sasa, wewe nataka ama hapana? Kuna sajini wa kambi anaitaka. Nilimwambia kuna dada wa Nakivale alikuja wa kwanza. Lakini mimi si malaika, nyabo."

Munezero aliigeuza kamera mkononi. Alijua sababu zote za kuinunua. Kamera yake ndogo ilimlisha vizuri huko Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alikokuwa na kibanda chake cha picha karibu na soko, ila ilikuwa na kasoro moja: mwanga ukipungua, ilitoa picha za punje punje kama uji wa mtama usiochujwa. Na mabibi harusi hawapambwi juani. Hupambwa ndani, kwenye vyumba vyenye kidirisha kimoja, mama zao wakilia pembeni. Mwezi ujao angeolewa binti wa meja mmoja wa hapa Mbarara, jina lake Olivia. Sherehe ingekuwa jioni, ukumbini, kwa mishumaa, na Olivia hakutaka flashi kabisa kwa sababu ilimfanya aonekane amemwagiwa unga. "Kama utakuja na ile kamera yako kidogo," alimwambia Munezero, "usisumbuke kupanda gari." Kazi hiyo ingemfungulia Munezero mlango wa mjini. Bila kamera hii, mlango ulikuwa umefungwa.

Basi kwa nini mkono ulikuwa hauendi mfukoni?

Kwa sababu ya Gaju. Gaju alikuwa ng'ombe, na alikufa mwanzoni mwa juma.

Kwao, watu wa milima ya Kivu ya Kusini, mahari si bahasha. Mahari ina pembe. Kabla ya harusi wazee wa upande wa msichana huenda kuwatazama ng'ombe walioahidiwa, wakawapapasa migongo, wakawaita kwa majina na kuwasifu. Wakishawasifu, msichana ameshatoka kwa baba yake. Mihigo, mchuuzi wa maziwa aliyeuteka moyo wa Munezero tangu siku ile alipomwaga maziwa yote kwa kumkodolea macho, aliahidi ng'ombe wawili. Mara ya kwanza walipopaswa kutazamwa, alikuwa naye mmoja tu, na Mzee Kayumba, baba yake Munezero, akaahirisha. Safari hii alisema hivi: Jumapili baada ya ibada, ng'ombe wawili, au maneno yaishe. Na sasa Gaju, mmoja wa wale wawili, amekufa.

Hata kuahirisha kwenyewe kusingekuwa jambo la kutisha, kama si Amerika. Mama yake Mihigo na watoto wake walikuwa wamemaliza mahojiano yote ya kuhamishiwa kule. Siku yoyote jina lao lingeweza kubandikwa pale Base Camp. Wakiwa wameoana, wangeweza angalau kuomba waende pamoja. Wasipooana, Mihigo angepanda basi, na Munezero angebaki chini akipunga mkono. Wangapi aliowapiga picha wakipunga hivyo!

Na kesho ilikuwa siku ya soko la ng'ombe Kaberebere. Pesa za kamera zilitosha ng'ombe.

Wazo hilo lilikuwa limemkosesha usingizi. Lilikuwa tamu na la aibu kwa pamoja. Simu yake ikalia.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mihigo, yenye upepo mwingi.

"Niko kwa Muzamiru. Juu ya nini unauliza?"

"Usitoke. Niko nakuya. Usirudi kambini mbele sijakuona, unasikia?"

Simu ikakatika. Moyo wa Munezero ukapiga pa! Jina limetoka, aliwaza. Mungu wangu, jina limetoka. Muzamiru akamsukumia kiti na kumpokonya kamera kwa upole, akiogopa itaanguka.

Mihigo aliingia muda si mrefu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akinuka maziwa na mafuta ya pikipiki. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kutembea nyuma ya ng'ombe. Hakusalimu.

"Umenunua?"

"Bado. Jina lenu limetoka?"

"Hapana. Jina halijatoka." Alitazama pembeni. "Juu ya nini haujanunua?"

Ahueni ilimjia Munezero kwa nguvu hata akataka kucheka. Alimshika mkono, akamvuta nyuma ya duka, kwenye kona ya giza iliyojaa miguu ya kamera na maboksi matupu. Alijua kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Mihigo, nisikie mpaka mwisho. Kesho ni soko ya Kaberebere. Hii feza inatosha ng'ombe muzuri. Twende tununue. Baba ataona ng'ombe wawili, tutaoana, basi. Hakuna mutu atajua."

Mihigo alirudi nyuma akagonga maboksi.

"Unataka kujitolea mahari?"

"Ninataka kuolewa na weye! Sasa ni makosa?"

"Baba yako atasimama pale, atapapasa ule ng'ombe, atasema Mihigo ni mwanaume. Na mimi nitasimama hapo nacheka, na ng'ombe ni ya binti yake! Hapana, Munezero. Kwetu mwanamuke hajioe."

"Na kamera? Kamera nitapata ingine. Wewe nitapata fasi gani?"

"Nimesema hapana."

"Bora unikose?"

"Bora nikukose, kuliko kila siku nikuwe naona haya mbele ya baba yako."

Wanaume na haya zao! Munezero alikuwa amemletea moyo wake wote juu ya sahani, pamoja na kamera yake, pamoja na ukumbi wa mishumaa, na huyu anazungumza habari ya haya. Machozi yalikuwa karibu kumdondoka, naye hakutaka yaonekane na Muzamiru.

Muzamiru mwenyewe aliinua sauti kutoka mbele. "Nyie batu! Sajini amepiga simu. Yuko kwa barabara. Mimi nafanya nini?"

"Nipe kamera," alisema Munezero. "Nataka kuijaribu."

Aliifunga lenzi yake ya hamsini, akaipandisha usoni. Ilikuwa njia rahisi ya kuficha machozi, wapiga picha wote wanaijua. Akamwelekezea Mihigo kule gizani.

"Munezero, hii si saa ya picha."

"Simama pale. Najaribu mwanga."

Alishangaa. Katika kamera yake ndogo, lenzi hii kwa umbali huo ingemletea uso wa Mihigo tu, umejaa kila upande. Hapa maboksi yote yaliingia, na ukuta, na mlango wa stoo, na Mihigo yuko katikati, mdogo, mbali. Ikabidi asogee. Akasogea tena. Alisogea mpaka akasikia pumzi yake na harufu ya maziwa aliyoizoea, mpaka hakukuwa na nafasi ya kitu kingine katikati yao. Hapo akabonyeza.

Picha ikatokea nyuma ya kamera. Hakuna flashi, hakuna punje. Kona ile ile ambayo kwa macho yake ilikuwa giza tupu, kamera ilikuwa imeiona kama alfajiri: vumbi kwenye kope, kovu dogo la shavuni, na macho.

Munezero aliyatazama yale macho. Alikuwa ametegemea kuona kiburi, kwa sababu maneno aliyoyasikia yalikuwa ya kiburi. Hapakuwa na kiburi. Yalikuwa macho ya mtu aliyeiba kuku naye bado hajatoka uani kwa mwenye kuku.

"Unaogopa nini?" aliuliza taratibu.

"Siogopi kitu."

Akamgeuzia kioo. Mihigo alijiona, akainamisha kichwa.

"Haukukuya huku juu ya kamera," alisema Munezero. "Umeacha maziwa ya batu yaharibike, umeazima pikipiki. Juu ya nini? Sema."

Mihigo alijifuta vumbi usoni. "Ile picha iko kwa kibanda yako. Ile kubwa, ya arusi ya Oruchinga. Yenye ng'ombe. Ninaomba uitoe. Mbele ya Jumapili."

Kwanza Munezero hakuelewa. Picha ile alikuwa ameipiga kwa Musoni, mfugaji wa Oruchinga, siku alipomwoza binti yake. Maharusi wamesimama, na nyuma yao ng'ombe wa Musoni aitwaye Bihogo, mwekundu wa kukoza, mwenye pembe ndefu zilizopinda kama mikono ya mtu anayecheza. Ilikuwa picha yake bora, ndiyo maana aliikuza na kuitundika mbele ya kibanda.

Kisha akaelewa yote kwa mkupuo.

"Mutaazima Bihogo."

"Baba mudogo alikwenda kwa Musoni. Ataletwa Jumamosi, wazee watamuona Jumapili, halafu tutasema anarudi malishoni mpaka siku ya arusi. Baba mudogo alisema Oruchinga ni mbali, hakuna mutu wa kwetu anajua ng'ombe ya kule."

Kwa hakika, Twizeyimana, baba mdogo wa Mihigo, alikuwa amepiga hesabu zake zote isipokuwa moja. Mzee Kayumba hakuwahi kufika Oruchinga, lakini kila siku ya soko alisimama mbele ya kibanda cha binti yake na kuitazama picha ile. Hakumtazama bibi harusi. Hakumtazama bwana harusi. Hakusifu kazi ya mtoto wake hata siku moja. Alimtazama ng'ombe. "Angalia mapembe," angesema, na kusogea, na kusema tena, "angalia mapembe." Angemtambua Bihogo hata akipakwa matope.

"Jana magaribi nilipita pale kwa kibanda yako," Mihigo aliendelea kwa sauti ya chini. "Nikainua macho, nikamuona Bihogo ananiangalia. Sikulala."

"Ulikubali lini hii maneno?"

"Jana. Mbele ya kupita pale."

"Jana!" Sauti ya Munezero ilipasuka. "Na mimi jana sikulala, nawaza namna gani nitakupa feza yangu bila kukuumiza! Feza yangu ni haya, Mihigo? Eh? Feza yangu ni haya, lakini ng'ombe ya Musoni si haya?"

"Ningenunua ingine mbele ya arusi..."

"Na nini? Na maziwa ya kuchuuza? Baba angemuimbia ng'ombe ya batu! Angewaita wazee bamusifu! Halafu siku ya arusi unamuletea ingine unasema ni ule ule, amepungua mapembe?"

Mbele ya duka Muzamiru alicheka, kisha akajifanya anapiga chafya.

Mihigo hakucheka. "Niliogopa," alisema. "Ninakuambia kweli, niliogopa. Jina letu linaweza kutoka kesho. Mama anasema twende, wadogo zangu banafunga vitu kila siku. Mimi ninafikiri tu, nitafika kule, nitashuka, nitaangalia nyuma, hauko. Nitafanya nini na Amerika, Munezero? Baba mudogo alipotoa ile shauri nilikubali mbele hajamaliza kusema. Ningekubali hata kama angesema tuibe."

Munezero alitaka kumkumbatia na kumzaba kofi, vyote pamoja. Alimpenda. Na hapo hapo alimwogopa kidogo, kwa mara ya kwanza, kama mtu anavyoogopa daraja alilolivuka kila siku baada ya kusikia mlio chini yake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa tayari kuianza, na kumvuta yeye pia.

"Picha siitoi," alisema.

"Munezero..."

"Siitoi. Na ng'ombe sinunui. Weye utamuambia baba. Leo."

"Atanifukuza."

"Labda."

"Na weye?"

"Mimi nitakuwa nimekaa pale, nasikia."

Pikipiki ilinguruma nje na kuzima. Muzamiru alichungulia mlangoni, akageuka akiwa amekunja uso. "Nyabo, huyo ni sajini, nakwambia ukweli. Banange, chagua!"

Munezero aliingiza mkono chini ya blauzi.

Tangu siku hiyo watu wengi wamemuuliza kwa nini aliinunua kamera saa ile, wakati uchumba wake ukining'inia kwenye uzi. Wengine walimwita mwenye moyo mgumu. Hawakujua. Aliinunua kwa sababu aliitaka, naam, na kwa sababu ya Olivia na mishumaa yake. Lakini zaidi ya yote alijijua. Pesa zile zikibaki mkononi mwake, kesho asubuhi angekuwa Kaberebere akipapasa mgongo wa ng'ombe, haya isiwe haya. Aliuogopa moyo wake mwenyewe. Aliziweka pesa mezani haraka, kama mtu anayetupa kaa la moto.

"Mungu akubariki," alisema Muzamiru akizizoa. Akamwelekea Mihigo. "Na wewe ssebo, huyu dada usimwache. Mimi nimeona watu wananunua kamera. Huyu ni wa kwanza nanunua na kulia."

Wakaanza safari ya kurudi kambini. Mihigo aliendesha, Munezero nyuma yake na kamera katikati yao, ndani ya kanga yake. Walipopita Kaberebere kila mmoja alitazama upande wake. Kila walivyokaribia kambini ndivyo Munezero alivyozidi kujilaumu. Kwa nini sikunyamaza? Picha ni karatasi tu. Ningeitoa, tungeoana, Mungu husamehe hata makubwa kuliko hayo. Mara kadhaa alifungua mdomo amwambie Mihigo wageuze. Upepo ukamrudishia maneno.

Mzee Kayumba alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake huko Kabazana, sehemu moja ya kambi, akisokota kamba, jua likiwa bado juu ya vilima. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliacha ng'ombe wengi nyuma, Kongo, na hapa alikuwa na ndama mmoja aliyemtunza kama mjukuu. Alimwona binti yake akishuka kwenye pikipiki ya Mihigo mchana kweupe, jambo ambalo si la adabu kwa wachumba, lakini hakusema kitu. Mama yake Munezero alileta kikombe cha maziwa, akampa mgeni kwa mikono miwili.

Mihigo alikipokea. Hakunywa.

"Maziwa yangu ni machungu?" aliuliza Kayumba.

"Hapana, baba. Lakini ukisikia neno langu, labda utapenda nikurudishie."

"Sema."

"Gaju alikufa."

"Najua." Mzee aliendelea kusokota. "Ng'ombe akikufa hapa kambini, mimi ninasikia mbele ya kunguru. Nilikuwa nangoya nione Jumapili mutatuonyesha nini."

Munezero aliyekuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango aliinua macho kwa baba yake. Baba alijua! Siku zote hizi alijua, na alikula ugali wake kimya.

"Tulikuwa tulete Bihogo ya Musoni," alisema Mihigo. "Tumuazime, halafu tumurudishe."

Kamba ikasimama. "Ule wa picha?"

"Ule wa picha."

Kicheko kifupi kilimtoka mzee kabla hajakizuia, kisha uso ukafunga kama mlango. "Nani alifikiri hii?"

Hapo Munezero alisogea mbele kwenye mkeka. Ilikuwa rahisi mno kwa Mihigo kumtaja Twizeyimana na kukaa kimya. Angekuwa amesema kweli, na angekuwa amejificha.

"Baba mudogo alifikiri," Mihigo alisema. "Lakini mimi nilikubali. Hakunilazimisha. Nilikubali na roho yote."

Kayumba alimtazama sana. Kisha akamgeukia binti yake.

"Na weye? Ile feza yako ya kamera iko fasi gani?"

"Nilitaka kumupa anunue ng'ombe, baba. Alikatala." Alifungua kanga, akatoa kamera, akaiweka mbele ya baba yake. "Nilinunua hii."

Mzee aliinyanyua kwa vidole vyenye nyuzi za katani, akaipima uzito. "Hii inakamuliwa?"

"Inakamuliwa, baba. Kila Jumamosi kuna arusi."

Mama yake alitazama chini kuficha tabasamu. Kayumba hakutabasamu. Aliiweka kamera juu ya paja lake, mkono juu yake, na alipozungumza aliongea na Mihigo peke yake.

"Jumapili hatukuyi. Mutangoya mwaka mumoja."

"Baba..."

"Sijamaliza. Ng'ombe mumoja ningepokea hata leo. Ng'ombe ni kitu ya kufa, nilizika mingi, ninajua. Ungekuya hapa siku ile Gaju alikufa, tungelia pamoja na Jumapili tungemusifu ule mwenye amebakia. Huu mwaka si wa ng'ombe. Ni wa jana. Jana ulikubali kunidanganya. Ninataka nione kama ile jana ilikuwa siku moja tu, ao ni desturi yako."

Mihigo aliinamisha kichwa.

"Na jina lenu likitoka ndani ya huu mwaka?" aliuliza mzee.

Ndama alilia zizini, akanyamaza. Munezero alimtazama Mihigo, na safari hii hakuhitaji kamera. Aliona Amerika ikipita usoni mwake: nyumba ya matofali, shule ya wadogo zake, mama yake akishuka kwenye ndege peke yake na mizigo.

"Mama ataenda na wadogo zangu," alisema Mihigo. "Mimi nitabakia."

"Mihigo, hapana!" Lilimponyoka Munezero. Mama yake alimshika bega.

"Usiseme tu vile nitapenda kusikia," alisema Kayumba.

"Ninasema vile nitafanya, baba. Nitangoya."

Kisha Kayumba akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya tangu uchumba ule uanze. Wazee walikuwa wamekutana, wajumbe walikwenda na kurudi, soda zilinywewa, ng'ombe wakahesabiwa walio hai na waliokufa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza msichana.

"Munezero," baba yake alisema. "Mutu anaacha Amerika juu yako. Siku atajuta, na siku ile inaweza kuya, hatajutia huku kwangu. Atajutia ndani ya nyumba yako, kwa meza yako, anakuangalia weye. Utamungoya huyu?"

Munezero aliutazama mkeka. Akisema ndiyo, alikuwa anamfunga kamba. Akisema hapana, Mihigo angelia juma moja, mwezi mmoja, kisha angeondoka na mama yake na kuwa mtu. Ungekuwa upendo kumwachia. Ungekuwa pia uongo, kwa kuwa alimtaka, alimtaka hapa, leo, na kila siku ya huo mwaka mrefu.

"Nitamungoya, baba."

"Na siku akijuta?"

Munezero alimtazama Mihigo. Alikuwa analia waziwazi, mwanaume mzima, na machozi hakuyafuta.

"Akijuta," alisema, "aniambie siku ile ile. Asingoye hata kesho yake."

Kayumba aliitikia kwa kichwa polepole, akamrudishia kamera yake, kisha akainuka kwenda kumfunga ndama.